Amri Nisiyoweza Kuitamka

Wenzangu vijana mliobaki katika chumba cha kompyuta, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi wakati mashine yetu haikuwa na kioo cha kutazama. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, mishahara iliondoka mapema, na sioni mtu atajifunza nini hapo. Nitaandika juu ya mashine, juu ya watu walionifundisha kuizoea, na juu ya asubuhi moja ambayo nusura niipoteze kazi hii kabla haijawa yangu.

Kupiga taipu nilijifunza miaka ya sitini, nikiwa msichana wa shule kule Kebirigo. Karani wa kanisa letu, mama mpole asiye na haraka, alinikalisha mbele ya mashine yake na kunifunika mikono kwa leso ili nisizione herufi. "Vidole vijue njia vyenyewe," alisema. "Macho yana kazi nyingine." Nilidhani ananitesa. Nilipofika chuoni Nairobi kusomea takwimu na programu za kompyuta, nikakuta wavulana walionishinda hesabu wakitafuta herufi moja moja, kama kuku anayedonoa wimbi. Hapo ndipo nilipoanza kumshukuru, na sijaacha.

Kazi ya kwanza ilinirudisha nyumbani, miaka ya sabini ikiwa imefika katikati. Mradi wa miche ya chai ulikuwa na ofisi mjini Kisii na kitalu kikubwa Nyacheki. Wakulima wadogo wa pande zote waliagiza miche, nayo ilipaswa kusafirishwa kwa malori hadi vituo vya karibu nao, kila kituo siku yake, ardhi ikiwa bado imelowa. Mche ukichelewa kitaluni, mizizi hutoboa mfuko wake na kuingia ardhini. Ukiung'oa, unampelekea mkulima kijiti. Kupanga safari hizo kwa kalamu kulikuwa kumewashinda makarani waliotutangulia, hivyo mradi ukaamua kwamba kompyuta ndiyo ipange, na sisi tuiandikie programu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa na teleprinta: mashine ya chuma yenye umbo la taipureta na uzito wa ng'ombe, iliyochapa kwa herufi kubwa tu juu ya karatasi ndefu ya kuviringishwa. Ulichoandika kilichapwa mbele yako. Ilichojibu kompyuta ya Nairobi kilichapwa chini yake. Pembeni palikuwa na kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira. Uliomba laini kwa simu, na ulipousikia mlio wa kompyuta ukaulaza mkonga wa simu ndani ya vikombe vile, mashine zikazungumza kwa sauti kama ya nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa. Kelele yoyote chumbani iliingia katika mazungumzo yao. Kwa hiyo mvua ilipopiga mabati, herufi zilivurugika na laini ikakatika. Nanyi mnaijua Kisii: mvua yetu haihitaji kutabiriwa, huja baada ya chakula cha mchana kama mfanyakazi mwaminifu. Kazi yetu yote ilikuwa ya asubuhi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na meneja wetu, Bwana Mulwa, Mkamba mrefu aliyekuwa na tabia ya kusimama mlangoni hata katika ofisi yake mwenyewe.

"Nilifundisha binti mmoja hapa," aliniambia. "Akaolewa, akaenda zake. Sitafundisha wa pili ili mwanamume aje avune. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, bwana."

"Nitakupima kwa kitu kimoja. Ratiba ya malori itoke kabla ugawaji wa miche haujaanza. Ikitoka, umebaki. Isipotoka, tutaagana vizuri, bila ugomvi."

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu kabla ya siku hiyo. Mume wangu alifundisha shule ya Suneka, nasi tuliishi huko. Kwetu Waadventista pete haivaliwi, na vyeti vyangu vilikuwa na jina la baba yangu. Bwana Mulwa hakuuliza, nami nililelewa nisijibu maswali ambayo hayajaulizwa. Mshahara wa mwalimu na ada za wadogo wa mume wangu vilihitaji msaada, lakini si hilo tu. Niliitaka kazi ile. Nilitaka kuwa mtu anayeiambia mashine iliyoko Nairobi fanya, nayo ikafanya.

Aliyenifundisha kuiambia ni Bwana Mwadime, Mtaita, mtu mzima kidogo kuliko sisi, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Jambo la kwanza alilonionyesha ni ukali wa kompyuta. Ili kuijaribu programu yetu, ulipaswa kuandika amri ndefu: lete programu, itafsiri, iunganishe na takwimu za shamba fulani, iendeshe, chapa majibu. Maneno hayo yalijaza mstari na kuvuka. Herufi moja ikikosewa, hakuna kufuta. Kompyuta ilikujibu kwa alama ya kuuliza, basi, na ulianza upya. Nimewahi kufanya kazi na wakubwa wa namna hiyo, lakini kompyuta angalau haikukunja uso.

"Sasa tazama anavyofanya mvivu," alisema Bwana Mwadime. Akaandika neno moja fupi, na mashine ikafanya yote yale.

Alikuwa ametengeneza faili la vifupisho. Kila tulipoingia kwenye kompyuta, faili lile lilisomwa kwanza, na kuanzia hapo maneno mafupi aliyoyabuni yalisimama badala ya amri ndefu. Aliibadilisha hata alama ya kungojea, ile inayokuambia mashine iko tayari, ili ioneshe jina la programu tuliyokuwa ndani yake. Mara mbili makarani wenzake walikuwa wamefuta kazi ya leo wakidhani ni ya jana. Na mwisho wa kila amri ndefu aliweka kengele ya teleprinta ilie, ndipo tuweze kufanya shughuli nyingine tukiingoja. Leo mnafanya hayo kwa vidole viwili na mnaona ni haki yenu ya kuzaliwa. Wakati ule nililitazama lile faili kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba ya kupanga inaweza kubomolewa ukuta na kuongezwa dirisha.

Vifupisho vyenyewe alikuwa ameviita kwa majina ya watu waliompokea vizuri alipofika Kisii akiwa mgeni. Amri ya kuorodhesha mafaili ilikuwa na jina la fundi cherehani aliyemshonea kwa mkopo. Amri ya kuchapa ilikuwa na jina la mama wa hoteli aliyemtafutia chumba. "Mashine haina utu," alisema. "Nikiipa majina ya watu wema, nayaandika kwa moyo mweupe." Na ile amri kuu, ya kuijaribu programu, ambayo tuliitumia kuliko zote, aliipa jina la mzee mmoja wa Nyacheki. Mvua ilikuwa imemkamata Bwana Mwadime huko alipokwenda kupima mashamba. Mzee akamlaza nyumbani kwake, akampa uji wa wimbi, na asubuhi akamtembeza shamba lake mche kwa mche. Takwimu za shamba hilo ndizo tulizojaribia programu, na jina la mwenye shamba likawa amri.

Mzee huyo alikuwa baba wa mume wangu.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Sisi tuna chinsoni, adabu ya kuoneana haya kati ya watu wa ndoa na wakwe. Mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Si mbele yake, si nyuma yake, si kwa utani. Akikutana na mtu mwingine mwenye jina hilo, humtafutia jina la pembeni. Wako watakaosema kidole hakina ulimi, kwamba kuandika si kutaja. Huenda. Lakini Bwana Mwadime alikuwa na sheria yake ya kazi: kwa kuwa hakuna kufuta, kila amri isomwe kwa sauti kwa mwenzako kabla ya kutumwa. Mmoja husoma, mwingine hujibu "Tuma" au "Ngoja." Sheria hiyo ilituokoa mara nyingi, na nimeifuata maisha yangu yote. Ila katika chumba kile ilimaanisha kwamba asubuhi nzima, kila tulipojaribu programu, mtu angesimama na kulitangaza jina la mkwe wangu, na ikifika zamu yangu, mtu huyo ni mimi.

Sikuweza. Nilijaribu siku ya kwanza, nikaishia kwenye herufi ya kwanza. Kwa hiyo vifupisho vingine vyote nilivitumia, vya fundi na vya mama wa hoteli, lakini nilipofika kwenye ile kuu niliiandika ndefu, neno kwa neno, na kuisoma ndefu.

"Kwa nini?" aliniuliza Bwana Mwadime.

"Napenda kuyaona maneno yote."

"Moraa, hii ni kazi au sala?"

Ningeweza kumwambia. Lakini kumwambia ni kusema nina mkwe, na mwenye mkwe ana mume, na Bwana Mulwa alikuwa mlangoni. Nikaandika tena ndefu, nikakosea herufi, nikapewa alama ya kuuliza. Mahali ambapo Bwana Mwadime angeijaribu programu na kuirekebisha mara kadhaa katika asubuhi moja, mimi niliambulia mara chache, na makosa ya programu hayatoki mpaka uyaone. Malori ya Suneka yalikuwa bado yanapangwa siku moja na ya Kebirigo. Mizizi ya miche kitaluni ilikuwa imeshafika katikati ya mifuko, kisha karibu na kitako. Bwana Mulwa hakufoka. Alikuja, akatazama karatasi iliyoviringika sakafuni ikiwa imejaa alama za kuuliza, akasema, "Binti, vidole vyako ni vyepesi kuliko vyetu sote. Sasa ni nini kinakushika?" Kufoka kungenifaa zaidi.

Wiki ya mwisho alitangaza kwamba ugawaji utaanza Jumatatu na kwamba Ijumaa ndiyo asubuhi yetu ya mwisho. Kwa kuwa Bwana Mwadime angekuwa na wageni wa mradi, usukani wa teleprinta ungekuwa wangu. Nilielewa. Ijumaa ile ingepima malori, na ingenipima mimi.

Sasa nimtaje mtu wa nne, ambaye kwa muda mrefu nilimjua kwa sauti tu. Laini zetu za Nairobi zilitolewa na Kemunto, mwendeshaji wa simu mjini, mzaliwa wa Nyacheki, mwenye kicheko kisichohitaji waya. Tulipokuwa tukingoja laini, mkonga ukiwa mkononi, tulikuwa tukisomeana amri kujiandaa, naye alisikia yote. Alichosikia kila asubuhi ni wanaume wa ofisi yetu wakimwita mzee wa kijijini kwao. "Haya, tumwite mzee." "Mzee ameitika?" "Hajaitika, mwite tena." Kemunto hakuona sababu ya kuificha habari nzuri kiasi hicho. Akaipeleka Nyacheki siku ya soko.

Ijumaa asubuhi niliinua mkonga.

"Moraa, laini hii nimeipora kwa watu wakubwa," alisema Kemunto. "Usiichezee. Na mvua leo ina haraka, nimeiona ikivaa."

Nikaulaza mkonga katika vikombe. Bwana Mwadime alikuwa amewatoroka wageni wake kwa dakika chache ili anijibu "Tuma." Bwana Mulwa alisimama mlangoni. Nikaandika amri ndefu, nikaisoma, nikaituma, nikapewa alama ya kuuliza.

"Tumia kifupi!" alisema Bwana Mulwa.

Nikaanza tena ndefu. Ndipo tukasikia sauti nje ikimuuliza mlinzi kwa Kiswahili cha mtu anayekitumia siku za soko tu.

"Mimi nataka kuona hiyo kompyuta. Inaniita kila siku. Watu wananicheka, wanasema, 'Mzee, unaitwa Kisii, mbona huitiki?' Basi nimekuja kuitika."

Bwana Mulwa alimpisha mlangoni. Aliingia mzee mwenye koti zito la sufi na kofia mkononi, akajitaja kwa jina lake lote, polepole, kama anayejiandikisha. Bwana Mwadime aliruka kutoka kitini. "Mzee wangu! Karibu! Ni mimi uliyenilaza siku ya mvua!" Wakashikana mikono kwa furaha ya kweli.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilirudi nyuma hadi ukutani, nikainamisha macho, sikutoa mkono. Mwili ulifanya hivyo kabla akili haijapewa nafasi ya kupanga. Mzee aliniona. Naye akageuza uso kidogo upande wa dirisha, kama ipasavyo, akanisalimia kwa upole, kwa lugha yetu:

"Bwakire, mokamwana."

Nikaitikia kwa sauti ndogo. Yule nyigu aliendelea kulia katika vikombe. Bwana Mwadime alinitazama mimi, akamtazama mzee, akaitazama karatasi iliyojaa amri ndefu. Niliona jambo likimwingia.

"Mokamwana ni nani?" aliuliza Bwana Mulwa.

"Ni mke wa mtoto wangu," alisema mzee. "Huyu, wa mwalimu."

Bwana Mulwa alinigeukia. "Umeolewa?"

"Ndiyo, bwana."

"Tangu lini?"

"Kabla sijaja hapa."

Nilidhani kuagana vizuri kumefika, na nakumbuka nikiwaza, upuuzi mtupu, kwamba afadhali nirekebishe kwanza lile kosa la malori ya Suneka.

Mzee alimuuliza Bwana Mwadime, "Na huyu, ameniita mara ngapi kwa hiyo mashine?"

"Hata mara moja, mzee," alisema Bwana Mwadime. "Sote tunakuita kutwa. Yeye anazunguka mlima mzima ili asikuite. Tulidhani ni mkaidi. Ndiyo maana amechelewa, na leo kazi inataka kumponyoka."

Mzee aliitafakari habari hiyo. Kisha akacheka, kicheko cha ndani, mabega yakitikisika chini ya koti. "Kumbe amewachelewesha kwa ajili yangu! Nyumbani tulikuwa tunaulizana, huyu msomi wa Nairobi, chinsoni anaijua kweli?"

"Chi... nini?" aliuliza Bwana Mulwa.

Bwana Mwadime alianza kueleza, lakini meneja alimkatiza. "Kwetu ni *nthoni*," alisema taratibu. "Mimi na mama mkwe wangu tukikutana njiani, mmoja wetu huingia kichakani. Anayeingia ni mimi, na suti yangu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti, ungeniambia ni hilo."

"Ningekuambia hilo, bwana, ungejua na lile la ndoa."

Nilishangaa kusikia sauti yangu. Bwana Mwadime alikohoa ili asicheke. Bwana Mulwa alitazama dirishani, ambako weusi ulikuwa umeanza kushuka kutoka upande wa Nyamira. "Mambo ya ndoa tutayazungumza baadaye," alisema. "Mwadime, faili ni lako. Fanya kitu."

Bwana Mwadime alikuja, akaniandikia neno la siri la faili la vifupisho kwenye ukingo wa karatasi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. "Amri ni ileile," alisema. "Ipe jina unaloliweza. Usinieleze sababu."

Ni fundisho kubwa kuliko yote niliyopata katika kazi hii, nami nililipata nikiwa nimesimama. Mpaka asubuhi ile nilidhani mashine ndiyo yenye njia na mimi ndiye mwenye miguu mibovu. Nilifungua faili, nikaongeza mstari mmoja, nikaiita amri ile RORA, ambalo kwetu ni kusema "tazama." Nikaisoma kwa sauti.

"Tuma," akasema Bwana Mwadime.

Mashine ikanguruma, ikachapa, kengele ikalia. Mzee akashtuka, akavaa kofia, akaivua tena. Nikaliona kosa, nikarekebisha, RORA. Tuma. Kengele. Suneka ilitoka katika siku ya Kebirigo na kuingia siku yake, lakini lori moja likabaki halina dereva. RORA. Tuma. Vidole vilikuwa vimefunguliwa kamba. Sikumbuki kama niliziangalia herufi. Bwana Mulwa aliacha mlango, akaja kusimama nyuma yangu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Mvua haikungoja chakula cha mchana siku ile. Tulisikia matone ya kwanza juu ya mabati tukiwa tumebakiza amri ya mwisho, ya kuchapa ratiba yote. Katikati ya mstari, mahali pa jina la kituo, pakatokea herufi zisizo na maana.

"Inaharibiwa na nini?" aliuliza mzee.

"Kelele, mzee," alisema Bwana Mwadime. "Ile mashine ndogo inaisikia mvua."

Mzee alivua koti lake la sufi, akatembea kwa uangalifu kunizunguka upande wa mbali ili asinipite karibu, akaufunika mkonga na vikombe vyake kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nyigu alinyamaza ndani ya sufi. Nikatuma tena. Na teleprinta ikachapa, mstari baada ya mstari, kituo na siku, kituo na lori, huku mabati yakinguruma na maji yakishuka barabarani. Tulisimama wanne tukiitazama karatasi ikipanda. Ilipokwisha, kengele ililia, na sekunde chache baadaye laini ikakatika.

Bwana Mulwa aliikata karatasi kwa rula, akaisoma yote, akaikunja. "Jumatatu malori yataondoka," alisema. Kisha, bila kunitazama, "Nawe Jumatatu uje saa mbili kasorobo kama kawaida. Mume usinifiche tena. Siku ukichelewa nitamlaumu nani?"

Ndivyo nilivyobaki, wenzangu. Miche ilipandwa, ukipita Kebirigo leo unaipita. Miezi iliyofuata nililiongezea faili maneno yangu: TIGA ya kusimamisha, RIGIA ya kutafuta, IRANA ya kurudi ulikotoka. Makarani waliokuja baadaye waliyashika haraka kuliko zile amri ndefu za Kiingereza, kwa kuwa ni maneno waliyoyasikia kabla ya kuota meno. Bwana Mulwa alinipa likizo ya uzazi mara tatu, na kila mara alilalamika na kila mara alisaini. Kemunto nilimtembelea kwenye ofisi yake ya simu kumlaumu na kumshukuru kwa safari moja, akacheka mpaka akakata laini ya mtu. Bwana Mwadime alirudi Taita baada ya miaka mingi, na siku ya kuondoka alinikabidhi faili lote pamoja na desturi ya "Tuma" na "Ngoja." Nimewafundisha wasichana wengi katika chumba hicho. Jambo la kwanza nilimpa kila mmoja ukurasa mtupu wa vifupisho atengeneze vyake, na sikuwauliza sababu ya neno lolote walilochagua wala walilokwepa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kazi. Ile Ijumaa, mvua ikiendelea, Bwana Mwadime alimwomba mzee radhi na kuahidi kulitoa jina lake kwenye mashine. Mzee alikataa. "Liache," alisema. "Hao wengine waniite. Huyu peke yake ndiye asiniite." Kwa hiyo amri mbili zikakaa pamoja ndani ya faili, zikifanya kazi ileile, moja ya kwangu na moja ya wenzangu. Mzee alifariki, Mungu amrehemu. Teleprinta iliondolewa, ikaja ya pili, vikaja vioo, faili likahamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, na wote waliomwita wakastaafu au wakahama. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa faili, na kila mwaka niliyatoa maneno yasiyotumika. Lile sikulitoa. Kulifuta kungenilazimu kuliandika.

Mtalikuta, ni mstari wa juu kabisa. Ninyi si wakwe zake, mna uhuru wa kulifuta. Lakini mwiteni kwanza mara moja, mmoja asome kwa sauti na mwingine aseme "Tuma."